Mabehewa na Tabia Zake: Simulizi ya Safari ya Treni, Arusha hadi Same na Kurudi

Jumanne, Arusha hadi Moshi

Abiria aliyezoea treni ya Arusha hukata tiketi akiwa tayari anajua behewa atakaloingia, upande atakaokaa na mlango atakaoshukia. Nilisafiri wiki hii ya Desemba kwa nia ya kuyaandika mambo hayo madogo ambayo hayamo katika ratiba wala kwenye tiketi, kwa sababu naamini kwamba kila tabia ya behewa, iwe mtikisiko, mlio au dirisha linalogoma, ina chanzo chake, na kwamba anayekiona kwanza chanzo hicho mara nyingi ni abiria.

Stesheni ya Arusha ndiyo mwisho wa reli ya kaskazini. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 wakati wa Wajerumani na ikafika Moshi mwaka 1911, lakini kipande cha kutoka Moshi kuja Arusha kilisubiri utawala wa Waingereza na kufika hapa mwaka 1929. Baada ya uhuru, mwaka 1963, iliunganishwa na Reli ya Kati kwa njia inayotoka Ruvu, na tangu hapo mtu wa kaskazini anaweza kwenda Dar es Salaam bila kushuka kwenye reli. Treni za abiria zilisimama kwa miaka mingi, zikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Historia hiyo inaonekana jukwaani bila kuelezwa: wazee wanapanda kwa kujiamini, wakishika vyuma vilevile walivyovishika ujanani, na vijana wanawatazama ili wajifunze.

Mama mmoja anayepeleka karoti na kabeji Same alikuwa amesimama pembeni ya magunia yake, mbali kidogo na kundi la watu. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini amechagua mahali pale.

“Hapa ndipo linaposimama behewa la tatu kutoka kwenye kichwa,” alinijibu. “Ukikaa nyuma, kwenye stesheni ndogo unashukia kwenye kokoto, na gunia la kabeji halirukiwi nalo.”

Alikuwa na maana kwamba jukwaa la stesheni ndogo ni fupi kuliko treni. Mabehewa ya mbele hupata jukwaa, ya nyuma hubaki nje yake, na ngazi ya mwisho ya behewa huning’inia juu ya ardhi kwa kimo kinachomsumbua hata kijana asiye na mzigo. Kisha akaniambia jambo la pili, ambalo nililipenda zaidi. “Na usikae kulia, mwanangu. Mwezi huu kulia ni jua mpaka Moshi. Ukija wakati wa baridi, kaa huko huko kulia.”

Nilipoingia na kukaa naye upande wa kushoto nililipima neno lake na kuliona ni sahihi kabisa. Kutoka Arusha treni inaelekea mashariki, na sisi tuko kusini kidogo tu ya Ikweta, kwa hiyo Desemba jua hupita upande wa kusini na kuyapiga madirisha ya kulia, na Juni huhamia kaskazini na kuyapiga ya kushoto. Mama huyu ameupata mzunguko mzima wa jua kwa kukaa dirishani mwaka baada ya mwaka. Upande wa kushoto una faida nyingine ambayo hakuitaja, nayo ni kwamba Meru na baadaye Kilimanjaro viko upande huohuo.

Tulipoondoka, sauti ya chuma ilianza mbele kabisa, ikapita behewa moja hadi jingine, ndipo nasi tukavutwa. Wale waliokuwa wamesimama katikati ya behewa walikuwa wameshashika viti kabla mvuto haujafika, maana waliusikia ukija. Kati ya behewa na behewa kuna nafasi ndogo katika viungo vyake, na kichwa cha treni hakivuti mabehewa yote kwa pamoja. Kinaanza na la kwanza, nafasi ikijaa linavutwa la pili, na kuendelea hivyo, hata aliye mwisho anapata mshtuko mkubwa kuliko aliye mbele kwa sababu wakati huo treni yote iliyo mbele yake imeshaanza kutembea.

Dirisha letu lilikuwa la kupandisha juu, lenye vishikizo viwili vinavyotakiwa kubanwa kwa pamoja, na halikukubali kubaki juu. Kijana aliyeketi mbele yetu aliinuka bila kuombwa, akapapasa kona ya chini ya fremu, akatoa kipande cha mti kilichochongwa kwa kisu na kukipachika chini ya kioo. Nilimuuliza kama ni chake. Alisema hapana, alikikuta humo zamani kidogo, na kila anayeshuka hukirudisha mahali pake kwa ajili ya atakayefuata. Nilikishika kipande hicho. Kilikuwa kimelainika kwa mikono ya watu.

Baada ya Usa River mteremko ulianza kusikika. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko karibu mita 800, kwa hiyo treni inashuka mita 600 hivi, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na breki. Harufu ya chuma kilichopata moto iliingia dirishani, ikapotea njia iliponyooka, ikarudi tena kwenye mteremko uliofuata. Mtoto mmoja alimuuliza baba yake kama treni inaungua, na baba akamweleza vizuri sana kwamba kuna vipande vya chuma vinavyoyabana magurudumu ili yasikimbie. Nilifurahi kuona kwamba hakumkemea kwa kuuliza.

Jambo moja nililibeba hadi Moshi bila jibu. Kila tuliposimama, feni ya darini ilipunguza mwendo na karibu isimame, na tulipoondoka ilichangamka tena. Nilitazama behewa la pili na kuona feni zake zikizunguka vilevile, tukienda au tukisimama.

Jumatano, Moshi

Jirani wa shangazi yangu huko Pasua ni mzee mstaafu aliyekuwa fundi wa mabehewa. Shangazi alinipeleka kwake asubuhi, akanitambulisha kama mtoto wa kaka yake anayependa treni, nasi tukakaa kivulini chini ya mwembe hadi jua lilipohama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu, mwanangu. Niambie uliona nini, nami nitakuambia ni nini.”

Nilianza na feni. Hakufikiri hata kidogo. Behewa la namna ya zamani, alisema, linajitengenezea umeme wake lenyewe: chini yake kuna dainamo inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye ekseli, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili, na kuna betri. Likitembea, dainamo inalisha taa na feni na kujaza betri. Likisimama, kazi yote inaziangukia betri, na betri zikiwa zimechoka abiria anaona taa zikififia na feni zikilegea. Behewa linalolishwa umeme kutoka kwenye jenereta ya treni halina tabia hiyo, kwa sababu jenereta haijali kama treni inakwenda au imesimama. Kwa hiyo yale mabehewa mawili niliyoyaona, moja likilegea na jingine likiendelea, yalikuwa yananionyesha njia mbili tofauti za kuwasha taa ndani ya treni moja.

Nilimuuliza kuhusu kuyumba, maana abiria wote wa njia hii husema kwamba behewa la mwisho lina ulevi. Alichukua vifuniko viwili vya chupa, akapitisha kijiti katikati ili vifanane na magurudumu mawili kwenye ekseli moja, akavibingirisha juu ya meza. Uso wa gurudumu la treni, alieleza, haukukatwa bapa. Umeinama kidogo, upande wa ndani ukiwa mnene kuliko wa nje, na magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja hata hayawezi kuzunguka kila moja kivyake. Treni ikiingia kwenye kona, ekseli inasogea upande, gurudumu la nje linakanyaga reli kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu nyembamba, na hivyo treni inapinda yenyewe bila usukani. Lakini kwenye njia iliyonyooka ubora huo una gharama yake: ekseli husogea kidogo kushoto, ikajirudi, ikapita kulia, ikajirudi tena, na mchezo huo unaongezeka mwendo unapoongezeka. Behewa la katikati linazuiwa na majirani zake wa mbele na nyuma. “La mwisho,” alisema, “halina wa kulishika mkia.”

Aliongeza kwamba ndani ya behewa lolote, anayetaka utulivu akae katikati, kwa sababu fremu za magurudumu ziko kwenye ncha mbili na ndizo zinazopokea kila bonde la reli. Reli yetu ina upana wa mita moja, na kitako chembamba hiki huongeza kuyumba kwa behewa kuliko reli mpya ya Dar es Salaam na Dodoma yenye milimita 1,435. Niliona kwamba alikuwa akiisifu reli mpya bila kuidharau ya zamani, na hilo lilinigusa, kwa kuwa amewahi kulala chini ya mabehewa haya katika mvua.

Nilipomuuliza kuhusu milio, alinitofautishia mitatu. Mlio wa kwanza ni wa viungo vya reli: reli zimeunganishwa kwa vipande vya chuma na boliti, na kati ya reli na reli kumeachwa upenyo ili chuma kipate mahali pa kurefukia wakati wa joto, gurudumu likivuka upenyo huo linagonga. Mlio wa pili ni wa kona, ule mkali wa juu unaoumiza masikio, unaotokana na gurudumu kukwaruzana na reli. Wa tatu ni wa gurudumu lenyewe. Dereva akifunga breki kwa nguvu gurudumu linaweza kugoma kuzunguka likateleza juu ya reli, na pale lilipoteleza panasagika na kubaki bapa. Tangu siku hiyo, kila mzunguko ukifika kwenye bapa lile, linapiga.

“Utajuaje kwamba ni gurudumu wala si reli?” nilimuuliza.

“Kwa kuhesabu. Tuchukue reli ya mita 12, na gurudumu la kipenyo cha sentimeta 85. Katika reli moja gurudumu hilo linazunguka zaidi ya mara nne. Basi ukisikia mapigo manne au matano mepesi kati ya kiungo na kiungo, yasiyobadilika hata njia ikibadilika, hilo ni gurudumu, na fundi anapaswa kuambiwa.”

Hapo alikaa kimya kidogo, kisha akasema neno ambalo ningependa kila anayesimamia usafiri wa watu alisikie. “Abiria analala ndani ya behewa usiku kucha. Fundi analitembelea tu. Mimi kabla sijafungua kisanduku changu cha zana nilikuwa nawauliza kina mama wa daraja la tatu.”

Jioni shangazi alipika machalari, na binamu yangu aliyerudi kutoka London kwa ajili ya Krismasi, kama Wachaga wengi warudivyo Desemba, alisikiliza habari zangu na kutoa zake. Kule, katika reli ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1863 na ambayo ndiyo ya kwanza duniani, mtu anayekwenda kazini kila siku anajua ni mlango upi wa behewa utakaosimama mbele ya ngazi za kutokea, naye huusubiri mlango huo mahali pamoja palepale. Kuna stesheni zilizojengwa kwenye kona. Behewa limenyooka na jukwaa limepinda, basi hubaki pengo kati yao, na sauti iliyorekodiwa huwaonya abiria waliangalie. Katika stesheni ya Embankment sauti hiyo ilikuwa ya mwigizaji Oswald Laurence, aliyefariki mwaka 2007. Mjane wake alikuwa akienda kuisikiliza. Sauti ilipobadilishwa kwa mitambo mipya aliuliza imekwenda wapi, na mwaka 2013 ikarudishwa katika jukwaa lile.

Binamu alisimulia pia kwamba huko New York kila jukwaa la treni za chini ya ardhi lina ubao wenye mistari myeusi na myeupe, na kwamba mhudumu wa treni ni lazima atoe mkono na kuunyooshea kidole kabla ya kufungua milango, ili ithibitike kwamba treni yote imo ndani ya jukwaa. Shangazi, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliuliza kama ubao huo hauwezi kuwekwa kwetu pia, katika stesheni zile ambazo mtu hushukia kokoto. Naona swali lake ni la haki. Jukwaa fupi haliwezi kurefushwa kwa siku moja, lakini abiria anaweza kuambiwa mapema ni mabehewa yapi yatakayofika kwenye jukwaa, na taarifa hiyo haihitaji mtambo wowote zaidi ya mdomo wa mkaguzi wa tiketi.

Alhamisi, Moshi hadi Same

Treni ya kushuka ilikuwa na nafasi nyingi, kwa kuwa Desemba watu wanapanda kuja kaskazini na si kushuka. Nilipata nafasi ya kukaa juu kabisa ya fremu ya magurudumu, mahali ambapo mzee alinikataza kukaa kama nataka raha, nikachagua hapo kwa sababu nilitaka kusikia.

Mpigo wa viungo una mpangilio wake. Fremu moja ina ekseli mbili, kwa hiyo kila kiungo kinapiga mara mbili kwa haraka, kisha kimya kifupi, kisha mara mbili kwa mbali kwenye ncha nyingine ya behewa. Mzee alinipa hesabu ya kujua mwendo wa treni: kama reli ina mita 12, hesabu viungo unavyovuka katika sekunde 43, na idadi utakayopata ndiyo kilomita kwa saa. Ukihesabu mapigo pacha ya karibu yako kama kiungo kimoja, hupotei. Nilihesabu nikiangalia saa ya mkononi, na wanafunzi wawili waliokuwa wakirudi likizo Mwanga walijiunga, mmoja akishika saa na mwingine akihesabu kwa sauti, na tulipokaribia Kahe tulisikia mapigo yakipungua kabla hatujaona chochote nje.

Kahe ndipo lilipojengewa tawi la kwenda Taveta na Voi, ambalo Waingereza walilisukuma kutoka upande wa Kenya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwa ajili ya jeshi lao. Leo abiria wa treni hii hawana haja nalo, wanapita tu.

Mbele ya hapo tulisimama katika stesheni ndogo kwa muda mrefu, injini ikinguruma, hakuna anayepanda wala kushuka. Taa zilikuwa zimewashwa tayari, na katika behewa letu zikaanza kugeuka rangi ya manjano, dalili ileile ya betri, huku za behewa la jirani zikiendelea kung’aa. Abiria mmoja alianza kulalamika. Mwenzake, mzee mwenye kofia ya kiua, alimweleza kwa upole kwamba njia ni moja tu, treni mbili haziwezi kuwa katika kipande kimoja kwa wakati mmoja, na dereva hawezi kuondoka stesheni hadi apewe ruhusa kwamba kipande kilicho mbele ni kitupu. Muda mfupi baadaye treni ya mizigo ilipita kwenye njia ya pembeni. Yule aliyelalamika aliitazama yote hadi behewa la mwisho, akatulia. Lakini ninasisitiza kwamba maelezo hayo yalipaswa kutoka kwa mhudumu tangu dakika ya kwanza. Kusubiri kunakojulikana sababu ni kwepesi kwa mzee, kwa mgonjwa na kwa mama mwenye mtoto mchanga.

Katika kusubiri huko mlango wa choo ulifungwa kwa ufunguo, na mtoto mmoja aliyebanwa na haja aliumia kweli. Desturi hii inawashangaza wageni wa treni. Choo cha behewa la zamani hufunguka moja kwa moja juu ya reli, na stesheni ni mahali ambapo watu huishi, huuza chakula na kuvuka njia kwa miguu. Aliyezoea huenda mapema, treni ikiwa bado mwendoni.

Tulifika Same usiku. Wachuuzi walikuwa wamejipanga tayari, na kila mmoja alisimama mahali ambapo dirisha analolitaka lingesimama: wa chai ya tangawizi mbele ya daraja la tatu, wa kuku wa kukaanga mbele ya mabehewa ya kulala. Hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Ijumaa, Same

Joto la Same mchana ni la kuheshimiwa. Nilitembea hadi kivuko cha reli kutazama upenyo wa viungo ambao mzee alinieleza, nikaona kwamba saa nane mchana ulikuwa umebanwa kuliko nilivyouona asubuhi. Chuma kimerefuka. Ndiyo sababu katika nchi nyingi treni hupunguzwa mwendo wakati wa joto kali, kwani reli iliyokosa mahali pa kurefukia inaweza kupinda. Sehemu iliyobaki ya siku nilipumzika, kwa kuwa treni ya kupanda hupita Same kabla ya alfajiri.

Jumamosi, Same hadi Arusha

Treni ilikuja imejaa watu kutoka Dar es Salaam, mabegi yakiwa hadi kwenye korido, watoto wamelala juu ya magunia ya mchele. Nilitafuta lile behewa la tatu nyuma ya kichwa, nikalikuta ni la kulala. Mpangilio ulikuwa umegeuka. Mwisho wa safari kichwa hukatwa, hupita njia ya pembeni na kuungwa upande wa pili, lakini mabehewa yenyewe hayageuzwi; kwa hiyo lililotangulia wakati wa kushuka hufuata mwisho wakati wa kupanda. Abiria wa kawaida wanalijua hilo na wana hesabu mbili kichwani, ya kushuka na ya kupanda. Nilimwona kijana mmoja akikimbia jukwaa zima akiwa na jiko la mkaa na begi, akitafuta herufi ya behewa lake upande usio wake, na nikatamani pawepo ubao mmoja tu jukwaani wa kuonyesha mpangilio wa siku hiyo.

Nilipata kiti karibu na ncha ya behewa. Kabla hatujafika Lembeni nilianza kuusikia mpigo ambao haukuwa wa viungo. Ulikuwa mwepesi, sawa kabisa, wa upande mmoja, na ulipanda na kushuka pamoja na mwendo wa treni. Nilisubiri kiungo, nikahesabu, nikasubiri kingine. Mapigo manne, wakati mwingine matano. Tulipopita kwenye kona mlio wa juu uliingia na kutoka, ule wa chini ukabaki vilevile.

Nilimuuliza mama aliyeketi mbele yangu, anayekwenda Machame na wanawe, kama ameusikia. “Tangu Korogwe,” alijibu mara moja. “Kabla ya Korogwe haukuwapo. Dereva alifunga breki kwa nguvu usiku, vikombe vyote vikaanguka, na tangu hapo ndivyo linavyogonga.” Mzee wa upande wa pili alisema kwamba kwake unasikika hafifu, basi uko upande wetu. Kijana aliyelala juu ya mabegi mlangoni alisema hapana, kwake ndiko unakosikika zaidi, chini ya ngazi hasa. Kulipopambazuka, Kibo ikiwa mbele yetu na theluji yake ikianza kupata rangi, abiria wa nusu ya behewa walikuwa wamekubaliana kuhusu gurudumu lenyewe: ncha ya mbele, upande wa kulia, ekseli ya pili.

Moshi waliteremka wengi. Mama wa Machame alikuwa miongoni mwao, naye kabla ya kushuka aliniambia nisisahau kusema kuhusu breki ya Korogwe, kwa sababu hiyo ndiyo itakayomsaidia fundi. Kutoka Moshi treni ilipanda polepole kuelekea Arusha, Meru ikikua mbele yetu, na mpigo ukawa wa taratibu kiasi cha kuweza kuuhesabu bila saa.

Arusha nilimfuata gadi, msimamizi wa treni, jukwaani, nikamwamkia na kumweleza. Sikutarajia asikilize kwa makini namna ile. Alitoa daftari, akaandika namba ya behewa, akauliza: “Linagonga kwenye kona tu, au hata njia ikinyooka?” Nilimjibu kwamba ni kote, na kwamba lilianza Korogwe baada ya breki kali. Yule kijana wa mlangoni, aliyekuwa bado anasubiri mzigo wake, alisogea na kumwonyesha ngazi. Gadi alimwita fundi, ambaye alikuja na nyundo yenye mpini mrefu, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye uso wa gurudumu kadiri alivyoweza kufikia, kisha akaomba treni isogezwe kidogo ili aone sehemu iliyokuwa imelalia reli. Iliposogezwa, aliweka alama ya chaki.

“Mmesema kweli,” alisema, akituangalia mimi na kijana. “Kuna lingine?”

Kijana alimwambia kuhusu taa za korido zinazofifia treni ikisimama, na fundi akainamia kisanduku cha betri.